Chaja ndogo ya betri za gari la rimoti: nilivyoifanya ichaji haraka

Kila nilipolalamika kwamba chaja yangu inachelewa, nilijibiwa neno moja: hiyo achana nayo, nunua kubwa. Waliosema hivyo wamekimbiza magari ya rimoti miaka na miaka, na mpaka leo wananiudhi, kwa sababu chaja ile ile inayoenea kiganjani sasa inanijazia betri ya lipo (lithiamu polima) ya mAh 5000, yaani yenye ujazo wa kutoa ampea 5 kwa saa moja, kwa saa moja na ushei. Ndani yake sijagusa hata skrubu.

Chaja hizi ni ndogo kwa sababu hazibebi ndani yake kifaa cha kubadilisha umeme wa ukutani. Zinataka ziletewe umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) kutoka nje, nyingi kati ya volti 10 na 30. Zile wati 200 zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi utazipata tu kama chanzo chako kinaweza kuzitoa. Piga hesabu: betri ya seli mbili ikijaa ina volti 8.4, ukiichaji kwa ampea 5 unapata wati 42, na kwa kuwa kuna zinazopotea kama joto, tafuta chanzo cha wati 50 hivi. Seli tatu zinafika volti 12.6, yaani wati 63 kwa ampea zile zile. Hesabu ndiyo hiyo tu, na hakuna aliyenipigia.

Badala yake niliambiwa nitumie adapta yoyote ya volti 12, hata ile ya kisanduku cha intaneti. Nikaijaribu. Yangu ilikuwa ya ampea 1.5, yaani wati 18. Nilikaa mbele ya skrini nikiangalia ile namba ya volti zinazoingia, ambayo watu wengi hawaifungui kabisa. Chaja ilianza vizuri, ampea zinazoingia kwenye betri zikapanda polepole: 0.5, 1, 1.5. Huku zikipanda, volti za kuingia zinashuka: 12, 11.4, 10.6. Ilipokaribia ampea 2 adapta ikazidiwa, volti zikaanguka chini ya 10, chaja ikapiga kelele na kuzima. Sekunde chache baadaye ikawaka tena yenyewe, ikaanza upya. Kuwaka na kuzima hivyo ndiko wanakokuita "chaja mbovu". Chaja haina ubovu wowote hapo, inajilinda.

Walio na chaja ya USB-C wanakutana na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Kichwa cha simu cha wati 18 kitaipa betri ya seli mbili kama ampea 2 tu, na hapo mAh 5000 zinakula zaidi ya saa mbili na nusu. Cha wati 65 kinachotoa volti 20 kinamaliza kazi, mradi waya nao uwe wa kubeba umeme huo.

Mimi niliokolewa na adapta ya laptopu iliyokuwa imekaa bure: volti 19, ampea 4.74, wati 90. Niliukata waya wake karibu na kile kichwa cha duara. Ndani kuna waya mmoja katikati, na kuuzunguka kuna nyuzi zilizosukwa. Katikati kwa kawaida ni chanya na zile za nje ni hasi, lakini usiniamini mimi wala mtu mwingine yeyote, weka mita uone mwenyewe. Nyuzi za nje nilizisokota zikawa waya mmoja, nikavalisha mipira ya kujibana kwa joto kabla ya kulehemu (ukishalehemu haipiti tena), halafu nikaweka plagi ya XT60 ya kike, inayoingiana na tundu la umeme la chaja. Ya kike kwa makusudi, kwa sababu upande wenye umeme haufai kuwa na pini zilizo wazi. Alama za + na − zimechongwa kwenye plastiki yake, zisome. Na unapounganisha, chomeka chaja kwanza, ukutani mwisho, la sivyo plagi inatoa cheche na pini zinaungua taratibu.

Halafu kwenye chaja kuna mpangilio ambao ningependa kila mtu aujue: kikomo cha ampea za kuingia. Nimeweka 4, yaani wati 76, kwa hiyo hata nikichaji seli tatu adapta haifiki mwisho wa uwezo wake. Inapata uvuguvugu tu.

Kuna waliofurahia kasi hiyo wakanishauri niende ampea 10. Hapana. Lipo ya mAh 5000 naichaji kwa ampea 5, labda mtengenezaji awe ameandika kwamba inastahimili zaidi. Waya mdogo wa kusawazisha seli nauchomeka kila mara, kwa kuwa seli moja ikitangulia nyenzake itavuka kikomo chake cha volti 4.2 wakati jumla ya volti inaonekana salama. Betri za NiMH (za nikeli, si lithiamu) zina programu yake kwenye chaja, usizichaji kwa ile ya lipo. Chini naweka kigae, na sitoki chumbani.

Udhaifu wa kweli wa chaja ndogo upo kwenye kupunguza chaji. Nyingi zinapunguza kwa wati chache sana, kwa hiyo kuishusha betri iliyojaa hadi volti 3.8 kwa seli ili uihifadhi kunaweza kuchukua saa nne au tano. Mimi naipachika kwenye gari, naendesha mpaka ikaribie hapo, kisha chaja inamalizia kilichobaki.