Kura 734: jinsi kiti cha jaji North Carolina kilivyopiganiwa miezi sita

Kwetu jaji hapigiwi kura. Kenya jina lake hupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, Tanzania huteuliwa na Rais. North Carolina, jimbo la Marekani, majaji 7 wa Mahakama ya Juu ya jimbo huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima, kipindi cha miaka 8, na kwenye karatasi ya kura chama cha kila mgombea kinaandikwa kando ya jina lake. Kwa hiyo kiti cha jaji kinagombewa kama cha mbunge, na kikibishaniwa, kesi inapanda ngazi hadi inafika mezani kwa majaji wenzake na mmoja wa wagombea.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024. Allison Riggs wa Democratic, aliyekuwa ameteuliwa na Gavana Roy Cooper mwaka 2023 kujaza nafasi iliyoachwa wazi, alipambana na Jefferson Griffin wa Republican, jaji wa Mahakama ya Rufani ya jimbo hilohilo. Matokeo ya mwisho: Riggs 2,770,412, Griffin 2,769,678. Tofauti ni kura 734 kati ya zaidi ya milioni 5.5.

Usiku wa uchaguzi Griffin ndiye aliyekuwa mbele, kwa kura kama 10,000. Siku zilizofuata uongozi ukayeyuka, na wengi wasiojua utaratibu wakaona hapo pana mkono wa mtu. Hapana. Zinazotangazwa usiku ule si kura zote. Zinabaki kura za masharti, yaani za watu ambao jina halikuonekana kwenye daftari au hawakuwa na kitambulisho, wakaruhusiwa kupiga huku karatasi zao zikiwekwa kando hadi wahakikiwe. Zinabaki pia baadhi ya kura za posta, zikiwemo za wanajeshi na raia walio nje ya nchi. Kaunti zote 100 huzihakiki hizo moja moja, kisha kila bodi ya kaunti hukaa siku ya kumi baada ya uchaguzi kufunga hesabu yake. Mshindi wa usiku wa kwanza ni mshindi wa habari tu.

Sheria ya jimbo inamruhusu aliyeshindwa kudai kura zihesabiwe upya ikiwa tofauti haizidi asilimia 0.5 au kura 10,000, ile iliyo ndogo. Griffin alidai. Mashine zikarudia kazi na tofauti ikabaki 734. Akaomba hatua ya pili, ya mkono: kila kaunti huchagua kwa kura ya bahati nasibu asilimia 3 ya vituo vyake, karatasi za vituo hivyo zinasomwa kwa macho, na kama makosa yanayopatikana, yakikadiriwa kwa jimbo zima, yangegeuza matokeo, basi jimbo zima linahesabiwa kwa mkono. Hayakufikia hapo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyebisha tena kwamba Riggs ana kura nyingi zaidi sandukuni. Ubishi ulihamia kwenye swali la nani alistahili kuwa na kura humo sandukuni.

Chombo cha kuhamishia ubishi huko ni pingamizi la uchaguzi. Ni fomu inayowasilishwa bodi ya kaunti, na mwisho wake ni saa 11 jioni ya siku ya pili ya kazi baada ya kaunti kufunga hesabu. Mlalamikaji lazima aonyeshe kwa ushahidi wa maana kwamba kuna ukiukwaji au kasoro inayotosha kutilia shaka matokeo. Mawakili wa Griffin walijaza zaidi ya fomu 300, katika kaunti zote, wakigusa wapiga kura zaidi ya 60,000. Waliwagawa katika mafungu matatu makuu.

Fungu kubwa kuliko yote, kama watu 60,000, ni waliosajiliwa bila daftari kuonyesha namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 2002 inataka moja ya hizo. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi fomu ya jimbo yenyewe haikusema wazi kwamba kisanduku kile ni cha lazima. Ilirekebishwa baada ya lalamiko la mwaka 2023. Wengine namba walikuwa wameandika, lakini kompyuta ilipoilinganisha na kumbukumbu za leseni au za hifadhi ya jamii haikukubali, kwa sababu dada aliolewa akabadili jina, au jina lina kistari na karani hakukiandika, na namba ikafutika kwenye rekodi. Kasoro hiyo basi ni ya karani au ya fomu. Isitoshe, watu hawa walipofika kituoni walidaiwa kitambulisho chenye picha kama kila mtu. Miongoni mwa waliopingwa walikuwamo wazazi wa Riggs mwenyewe.

Fungu la pili ni wapiga kura wa nje ya nchi, wanajeshi na raia wa kawaida, zaidi ya 5,000, ambao hawakuambatanisha nakala ya kitambulisho chenye picha. Hawakuambatanisha kwa sababu kanuni ya bodi ya uchaguzi, iliyotangazwa kabla ya uchaguzi, ilisema hawana haja. La tatu ni dogo, watu wasiofika 300: watoto wa wakazi wa North Carolina waliozaliwa au kukulia ng'ambo, ambao hawakuwahi kuishi Marekani. Sheria ya jimbo ya mwaka 2011 iliwaruhusu wapige kura kupitia kaunti ya wazazi wao. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya walio kwenye orodha hii waliishi jimboni kabisa. Walibonyeza tu kisanduku kisicho chao walipojaza maombi mtandaoni.

Sasa angalia ni kura zipi zilizopingwa, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Kwa lile fungu la 60,000, Griffin hakumgusa mtu yeyote aliyepiga kura siku yenyewe ya uchaguzi. Alipinga za mapema na za posta peke yake. Sababu ni ya kimitambo. North Carolina, kura ya mapema kisheria ni aina ya kura ya asiyekuwepo siku ya uchaguzi, na karatasi yake hubeba namba inayoiunganisha na maombi ya mpiga kura. Namba hiyo iliwekwa ili mtu akipiga kura Oktoba kisha akafa, au ikagundulika hakustahili, karatasi yake iweze kuchomolewa kwenye hesabu. Karatasi ya siku ya uchaguzi haina namba. Ikishaingia sandukuni hakuna ajuaye ni ya nani. Kwa hiyo majirani wawili wenye kasoro ileile daftarini, mmoja alipiga tarehe 25 Oktoba na mwingine tarehe 5 Novemba, wa kwanza kura yake iko hatarini na wa pili analala usingizi. Na kwa wapiga kura wa nje ya nchi, pingamizi lilielekezwa kaunti chache: Guilford kwanza, kisha Durham, Forsyth na Buncombe, zote zenye wafuasi wengi wa Democratic. Kanuni ilikuwa moja kwa jimbo zima, wanajeshi wa kaunti nyingine walifanya vilevile, na hawakuulizwa kitu.

Kulikuwa na kosa jingine la kizembe zaidi. Sheria inataka anayepingwa apewe taarifa. Waliyoletewa wapiga kura ilikuwa kadi ya posta, ikisema kura yao huenda ikaathirika, pamoja na msimbo wa kuskani kwa simu ili mtu ajitafute kwenye orodha ndefu. Bodi ya jimbo ilisema hiyo si taarifa. Tarehe 11 Desemba ikatupilia mbali mafungu yote matatu. Kwa lile la vitambulisho vya nje ya nchi wajumbe wote watano walikubaliana, Republican kwa Democratic.

Njia ya kawaida baada ya hapo ni rufaa katika Mahakama ya Juu ya Kaunti ya Wake ndani ya siku 10 (jina lisikuchanganye, hiyo ni mahakama ya mwanzo ya mashauri mazito). Griffin aliruka moja kwa moja hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, yenye majaji watano wa Republican na wawili wa Democratic, Riggs akiwa mmoja wao. Riggs alijiondoa kwenye shauri lakini akaendelea kukalia kiti chake kwa kesi nyingine. Bodi ikaihamishia kesi mahakama ya shirikisho. Jaji Richard Myers, aliyeteuliwa na Trump, akairudisha jimboni tarehe 6 Januari 2025. Kesho yake Mahakama ya Juu ikasimamisha utoaji wa cheti cha ushindi, na tarehe 22 ikaamuru Griffin aanze chini kama wengine, zuio likibaki. Tarehe 7 Februari Jaji William Pittman wa Wake akampa ushindi Riggs na bodi.

Wiki hiyohiyo kulitokea jambo ambalo magazeti mengi yalilipita, nami naliona ndilo lililookoa matokeo. Tarehe 4 Februari Mahakama ya Rufani ya shirikisho ya Mzunguko wa Nne ilikubali kesi ibaki jimboni, ila ikamwagiza Myers asiifunge jalada: maswali ya katiba ya shirikisho yabaki mkononi mwake hadi jimbo limalize kutafsiri sheria zake. Utaratibu huo una sharti. Ukienda mahakama ya jimbo lazima utamke rasmi kwamba hoja zako za shirikisho umeziweka akiba na huziombi ziamuliwe pale. Ukizijadili zote huko na kushindwa, umeshazipoteza. Huwezi kuzileta upya. Upande wa Riggs uliziweka akiba.

Zikahitajika. Tarehe 4 Aprili Mahakama ya Rufani ya jimbo, majaji wawili kwa mmoja, iliamua kura zote zile hazikustahili, ikawapa wapiga kura siku 15 za kazi kurekebisha kasoro zao, na kura za wasiowahi kuishi jimboni zitupwe kabisa. Tarehe 11 Aprili Mahakama ya Juu ikaliokoa fungu la 60,000 kwa hoja nyepesi kueleweka: kosa la bodi halimnyimi mpiga kura haki yake. Lakini wa nje ya nchi ikawaachia mzigo wa kuthibitisha utambulisho ndani ya siku 30, na fungu dogo ikaacha litupwe. Uamuzi ulikuwa 4 kwa 2, na Richard Dietz, jaji wa Republican, aliungana na Anita Earls wa Democratic kupinga sehemu hiyo.

Siku 30 zinasikika nyingi kwa aliye Raleigh, mji mkuu wa jimbo. Mfikirie mwanajeshi aliyeko kambini ng'ambo, baruapepe ya mwaka jana imebadilika, barua ya posta inachukua wiki mbili kumfikia, naye anatakiwa athibitishe kura aliyopiga miezi mitano nyuma kwa kufuata maelekezo yaleyale aliyopewa. Asiyejibu kura yake inafutika. Na kwa kuwa ni wa kaunti zenye Democratic wengi tu, hesabu ya nani atapoteza zaidi haikuhitaji kalamu.

Tarehe 5 Mei Myers akatoa uamuzi wa kurasa 68. Kubadili kanuni baada ya kura kupigwa na kuitumia kwa waliokwisha kupiga ni kuvunja haki ya utaratibu wa kisheria. Kuwabana wanajeshi wa kaunti chache na kuwaacha wenzao ni ubaguzi mbele ya sheria. Kuwatupa wale wasiofika 300 bila kuwapa nafasi ya kusema kwamba wamewekwa orodhani kimakosa nako hakufai. Kanuni, aliandika, huwekwa kabla ya mchezo, hazibadilishwi mchezo ukisha. Alisitisha amri yake siku 7 ili Griffin akate rufaa. Griffin hakukata, tarehe 7 Mei alikubali kushindwa, na Riggs akaapishwa tarehe 13.

Anayedhani hii ni kanuni ya kuwafaidi Democratic akasome ya Alabama. Mwaka 1994 kiti cha jaji mkuu wa jimbo hilo kiligombewa na Sonny Hornsby wa Democratic na Perry Hooper wa Republican. Baada ya uchaguzi jaji wa jimbo aliamuru kura za posta kati ya 1,000 na 2,000 zihesabiwe ingawa hazikuwa na mashahidi wawili wala saini ya mthibitishaji, wakati desturi ya miaka yote ilikuwa kuzikataa. Mahakama za shirikisho zilikataa mabadiliko hayo ya baadaye, na Hooper akaapishwa Oktoba 1995 kwa ushindi wa kura 262. Kule walitaka kuingiza kura, huku kutoa, na jibu likawa lilelile.

Kinachonikera ni muda. Kenya, kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 na huamuliwa ndani ya siku 14, na mwaka 2017 muda huo ulitosha Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi mzima. North Carolina hakuna kikomo cha namna hiyo kwa kiti cha jaji. Mwaka 2020 Cheri Beasley alishindwa na Paul Newby kwa kura 401, chini ya hizi 734, akapeleka mapingamizi yake na kukubali matokeo tarehe 12 Desemba. Alisimama kwa hiari yake, sheria haikumlazimisha.

Na zile namba zinazokosekana daftarini bado ni kazi. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya kuteua bodi ya uchaguzi yalihama kutoka kwa gavana kwenda kwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaishtaki North Carolina kwa rekodi hizohizo, na Julai bodi mpya ikazindua mpango wa kurekebisha rekodi za wapiga kura kama 103,000. Aliye kwenye orodha anatakiwa kupeleka namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za hifadhi ya jamii. Asipofanya hivyo, akifika kituoni anapewa karatasi ya kura ya masharti.