Imetumika na nani?

Nilikuwa na miaka 31 mdogo wangu aliponiuliza swali ambalo hadi leo sijamalizana nalo. Alikuwa ameniachia ada yake ya chuo nimtunzie mpaka usajili ufunguliwe, kwa kuwa alijijua mwenyewe: hela ikiwa mkononi mwake haikai. Kaka mkubwa ndiye benki. Siku alipopiga simu kuiomba, nilimjibu kwa sauti ya upole, ile tunayotolea pole, "Mdogo wangu, ile hela imetumika."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Imetumika na nani, kaka?"

Nikaanza maelezo. Mshahara ulichelewa, mwezi ulikuwa mgumu, kukatokea dharura hii na ile. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akarudia palepale: "Sawa. Imetumika na nani?" Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima.

Usiku ule usingizi haukuja, na kilichokuwa kikinizungukia kichwani, cha ajabu, kilikuwa sarufi. Shuleni tulikaririshwa kauli za vitenzi: kutenda, kutendwa, kutendeana, kutendeka. Nilizikariri nipate maksi, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuhamia kwenye kauli ya kutendeka akaishi humo na mizigo yake yote. Simu ilizimika. Muda umepotea. Kazi imeshindikana. Mambo yameharibika. Uchumba ulivunjika. Miaka kumi ya maisha yangu ningeweza kuisimulia hivyo, na msikilizaji asijue kama nilikuwepo.

Kwenye kutendwa angalau kuna nafasi ya mtendaji: hela imetumiwa na fulani. Kutendeka hakuna nafasi hiyo. Kwa sarufi ya mwalimu wangu, "imetumika na nani" ingepigwa mstari mwekundu, na nadhani ndiyo sababu liliniuma. Mdogo wangu alinilazimisha nimtaje mtu mahali ambapo nilikuwa nimehakikisha hapatajiki mtu.

Siidharau kauli hiyo. Ni ya adabu. Mgeni akiangusha kikombe, mwenyeji huwahi kusema "kimevunjika tu, usijali", na mgeni akapumua. Ni huruma tunayompa mwenzetu. Mimi nilikuwa najigawia mwenyewe, kila siku, bila kuombwa. Pale iliponiishia nilikuwa na akiba nyingine: shetani alinipitia, sina bahati, kuna mkono wa mtu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba wapo waliolipima jambo hili. Mwaka 2011 wanasaikolojia Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha utafiti uliowalinganisha wasemaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Waliwaonyesha video za watu wakifanya vitu, vingine kwa makusudi, vingine kwa bahati mbaya. Kihispania, kama Kiswahili, kina njia nyepesi ya kusema kitu kimevunjika bila kumtaja aliyekivunja. Kwenye matukio ya makusudi wote walimkumbuka mtendaji sawasawa. Kwenye ajali, wasemaji wa Kihispania hawakumtaja sana, na pia hawakumkumbuka vizuri kama wenzao. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Kama namna ya kusema inaweza kufifisha sura ya mtu uliyemwona kwenye video dakika chache zilizopita, mimi niliyejisimulia hivyo miaka yote nilikuwa nimejifuta kiasi gani?

Nilichofanya hakikuwa kikubwa. Nilichukua daftari, nikaligawa kila ukurasa mara mbili. Kushoto niliandika sentensi kama nilivyoisema siku hiyo. Kulia niliiandika upya, ikianza na "ni-".

"Ripoti imechelewa." Nilipewa wiki tatu, nimeanza kuiandika jana usiku.

"Tulipotezana tu." Niliona jina lake kwenye simu mara nne, nikaiacha iite.

"Muda umekwenda." Nimekaa kitandani na simu saa mbili nzima.

Ile ya hela niliiweka kiporo kama siku tano hivi. Kulia ilisomeka: nilinunua simu mpya, na iliyobaki niliwakopesha watu wawili wa kazini ili waendelee kuniona mtu mwenye uwezo. Ukiisoma kwa sauti inanuka. Wala hakuna dharura humo.

Ya uchumba ilichukua wiki. Mara ya kwanza niliandika "nilishindwa", nikagundua bado najificha. Kushindwa nako kunaweza kuwa kutendeka kulikovaa ni-. Mwisho ikawa hivi: nilikaa kimya miezi minne nikisubiri yeye aseme, ili baadaye niwaambie watu kwamba yeye ndiye aliyevunja. Ndivyo nilivyowaambia, na waliniamini. Mama yangu hadi leo humtaja kwa kusonya.

Hapo nikaharibu. Nilipoonja ukali wa ile safu ya kulia niliupenda kupita kiasi, nikaanza kujishtaki kwa kila kitu. Baba alifariki nikiwa na miaka 12. Nikakuta naiandika hata hiyo, natafuta ni- ya kuipachika. Kampuni niliyofanyia kazi awali ilifunga idara yetu nzima. Nikaandika kwamba ningekuwa hodari wasingeifunga. Nilijisikia mtu mzima, mwajibikaji, na huku siamki kitandani.

Rafiki yangu mmoja alilisoma daftari, akanirudishia, akauliza, "Katika haya yote, lipi unaweza kuligusa kesho asubuhi?" Nikapitia kurasa zote na kalamu. Kifo cha baba, hapana. Kufungwa kwa idara, hapana. Miezi saba baada ya kufungwa, nilipokuwa nikituma ombi moja la kazi kwa mwezi na kuita hiyo "kutafuta", hapo ndipo palikuwa pangu. Kumbe nilichanganya lawama na wajibu. Lawama za kweli na za kubuni zilikuwa zimejaa daftari zima, na hakuna hata moja iliyoniambia pa kuanzia. Nikachora safu ya tatu, nyembamba: kesho nafanya nini. Sentensi isiyokuwa na la kuandikwa pale niliiacha ilivyo. Baba alifariki, basi.

Ile miezi saba nilikuja kuielewa kupitia majaribio ya zamani kidogo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kuhusu mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizima. Walipohamishiwa kwenye boksi ambalo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, wengi walilala chini wakalia. Njia iliyowasaidia ilikuwa kuwavuta kwa kamba hadi upande wa pili, tena na tena, mpaka wakaruka wenyewe. Mwaka 2016 wanasayansi haohao waliandika kwamba nadharia yao ya mwanzo ilikuwa imegeuzwa kichwa chini: mnyama hafundishwi kukata tamaa. Kulala chini ndiko hali ya asili baada ya mateso marefu; kinachofundishwa ni kujua kwamba una uwezo wa kubadili kitu. Nilisikitika kwa ajili ya mbwa wale. Lakini nilipumua pia, maana nilikuwa nimeamini kwamba kuna kitu ndani yangu kimeoza, kumbe kuna kitu sijafundishika. Na mwenye kamba alikuwa ameshanivuta mara moja, kwa simu, nami nikamkatia.

Siku ya tisa tangu simu ile nilimpigia mdogo wangu. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nisije nikateleza. "Ile hela nimeitumia mimi. Nilinunua simu, nyingine nikaikopesha. Hakukuwa na dharura." Nilitegemea anitukane, au anisamehe. Alisema, "Najua," kisha akauliza, "Sasa?"

Nikamtajia mpango. Simu nimeshaiuza, kwa hasara, hela hiyo naituma leo. Inayobaki natuma kila siku ya mshahara, kabla sijagusa senti nyingine. Akasema sawa. Hakushukuru, wala hakukuwa na cha kushukuru: usajili ulikuwa umefungwa na alipaswa kusubiri mwaka mzima. Hela unaweza kuirudisha. Mwaka wa kijana wa miaka 20 haurudishiki, na hapo natumia kutendeka kwa haki.

Nililipa kwa miezi 14. Watu hudhani ugumu uko kwenye kujinyima. Mimi nilizoea kujinyima mwezi wa tatu tu. Ugumu ulikuwa mwezi wa tano na wa tisa, nilipojua kabisa kwamba sitafikisha. Mazoea yangu yote yalikuwa kusubiri tarehe ipite, nizime simu, nije na hadithi. Mwezi wa tano nilimwandikia siku sita kabla: "Mwezi huu nitatuma nusu, nilikosea hesabu." Nilishika simu karibu saa nzima kabla ya kubonyeza. Alijibu kwa neno moja, "Poa." Saa nzima ya jasho, kwa "poa"!

Daftari silitumii tena kila siku. Kazini bado husikika sentensi za zamani zikinitoka, hasa nikichoka, na mwenzangu wa meza ya jirani ameshaujua mchezo, hunikazia macho mpaka niianze upya. Yule wa uchumba nilimwandikia barua moja, bila kuomba lolote. Hakujibu, na hadaiwi jibu. Kwa mama bado sijasema ukweli. Hiyo iko safu ya tatu, imehamishwa kutoka ukurasa hadi ukurasa... nimeihamisha, mara kumi na moja sasa.

Siku ya malipo ya mwisho nilimwandikia mdogo wangu: "Deni limekwisha." Nikafuta. Nikaandika, "Nimemaliza kukulipa."

Akajibu, "Imepokelewa."

Nikamuuliza, "Na nani?"