Alikuwa analala amekaa, sisi tukasema ni uchovu wa mapacha

Juzi hapa kwenye meza yangu ya mitumba, soko la Memorial, Moshi, kuna mama alikuja kununua nguo za kichanga, tukiwa tunapatana bei akaanza kulalamika kwamba binti yake tangu ajifungue hawezi kulala chali, anakohoa usiku kucha. Niliacha kufungua belo, nikamshika mkono nikamwambia mama mpeleke leo hii, usisubiri Jumatatu. Alinishangaa. Kwa hiyo naandika kuhusu ugonjwa wa moyo unaompata mzazi, maana wateja wangu wengi ndo walewale mnaosoma hapa, na mwenzenu haya nimeyaona ndani ya nyumba yetu.

Mdogo wangu alijifungua mapacha mwaka jana mwezi wa saba. Mama akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, mtori ukawa unapikwa asubuhi na jioni, mzazi kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala, mnajua wenyewe. Wiki ya tatu nikaona soksi zimemwachia mfereji juu ya kifundo cha mguu. Nikabonyeza kwa dole gumba, pakabaki shimo, nikahesabu mpaka kumi bado lipo. Mama akasema ni maji ya uzazi yatatoka yenyewe, hata yeye alivimba hivyohivyo wakati wangu, na shangazi akaongeza lake kwamba mapacha wana macho ya watu, kuna mtu tu hajafurahi. Na kweli wazazi wengi wanavimba, wengi wanachoka, hakuna mwenye kichanga anayelala vizuri, ndo maana huu ugonjwa unapita katikati ya watu bila kuonekana.

Usiku mmoja nililala kwao. Saa nane nikasikia kikohozi sebuleni, nikamkuta amekaa kwenye kochi na mito mitatu mgongoni, mtoto mmoja kifuani, anahema utadhani katoka kupandisha mlima na ndoo kichwani. Nikamuuliza mbona hulali kitandani? Akasema dada, nikilala nazama.

Kituo cha kwanza walisema nimonia, tukapiga sindano siku tano, siku tano mtu ana maji kwenye mapafu! Ya sita hali ikawa mbaya tukakimbilia hospitali ya rufaa, akawekewa oksijeni na dawa ya kukojoza maji, alafu akapigwa eko, ile picha ya moyo kama ultrasaundi ya mimba. Daktari akatugeuzia skrini. Upande wa kushoto, ambao ndo pampu yenyewe, ulikuwa umetanuka, kuta zimelegea, zinatikisika tu badala ya kubana. Akatueleza kwamba moyo mzima kila ukipiga unasukuma kama asilimia 55 au zaidi ya damu iliyojaa mle ndani. Wa mdogo wangu ulikuwa unasukuma 28.

Alafu yakaja maswali. Una miaka mingapi? 36. Hii mimba ya ngapi? Ya nne. Mapacha? Ndiyo. Presha ilipanda mwishoni? Ilipanda, miguu ikavimba na mkojo ukaonekana una protini. Kila jibu anaandika. Baadaye ndo akatueleza kwamba hayo yote, umri kupita 30, mimba kadhaa, mapacha, presha ya ujauzito, ni mambo yanayomweka mama karibu zaidi na moyo kutanuka wa uzazi, na huwa unajitokeza kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano baada ya kujifungua. Na sisi wanawake wenye asili ya Afrika tunaupata zaidi kuliko wengi. Yaani mdogo wangu alikuwa na karibu kila kitu kwenye ile orodha, na kliniki yote alihudhuria, hamna aliyewahi kutuambia ukijifungua kaa macho na kifua chako.

Swali la mwisho ndo lilitunyamazisha. Kwenu kuna mtu alikufa ghafla, au alivimba miguu na kukosa pumzi akiwa bado kijana? Mama akaangalia chini. Baba yetu alifariki 1998 akiwa na miaka 44, sisi tumekua tukiambiwa ni pumu, lakini pumu gani inakuja ukubwani na miguu inavimba mpaka viatu havifungi? Na mdogo wake, baba mdogo wetu, naye aliondoka na tumbo limejaa maji, watu msibani wakasema mbege na gongo zimemmaliza. Inawezekana kabisa, pombe nyingi kwa miaka mingi inalegeza msuli wa moyo hata wa mtu ambaye ukoo wake ni salama. Ila daktari akasema kuna familia zina hitilafu kwenye vinasaba vya moyo, mara nyingi kwenye kile kinachotengeneza protini ya taitini, ambayo kazi yake ni kama springi ndani ya msuli. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Unaweza kukaa nayo miaka umetulia, alafu kikaja kitu cha kuuelemea moyo, kwa mmoja pombe, kwa mwingine mimba, na baadhi ya akina mama wa ugonjwa huu wa uzazi wakipimwa wanakutwa na hitilafu ileile. Mama alilia pale, sio kwa huzuni tu, nadhani ni kwa sababu miaka yote tulikuwa tunamsema marehemu baba mdogo vibaya.

Nikaanza kuuliza kila mtu na kusoma. Virusi vikishambulia moyo baada ya mafua makali, VVU, presha isiyotibiwa, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B1, hata dawa ya saratani inayoitwa doksorubisini, vyote vinaweza kuufikisha moyo hapo. Kilichonishika zaidi ni habari za Zaria, kaskazini mwa Nigeria, ambako mzazi wa Kihausa alikuwa anapewa uji wenye kanwa, chumvi ya ziwani inayofanana na magadi yetu, na kulazwa kwenye kitanda cha joto, na madaktari wa kule wakaangalia sana ile chumvi kwa sababu inafanya maji yabaki mwilini. Niliporudi nyumbani nikamwomba mama apunguze chumvi kwenye supu. Alikubali bila ubishi.

Sasa hivi anasukuma 47. Dawa anameza kila siku, mapacha wanatambaa, na ameshawekewa uzazi wa mpango maana ameambiwa mimba nyingine moyo ukiwa haujarudi sawa ni hatari kwake. Mimi nimepima eko, moyo uko vizuri ila presha ilikuwa 150 kwa 95, nimeanzishiwa dawa na nitarudia picha. Wapwa wakikua kidogo nao watapimwa.

Amebaki kaka yetu wa Sakina, Arusha. Ana miaka 41, anakunywa, na kila nikimpigia anasema mzigo umembana. Alhamisi sifungui meza, napanda kosta ya asubuhi namfuata mwenyewe, hela ya kipimo ninayo kwenye mkoba.