Siku niliyonyambua *wesaną

Ilikuwa Leipzig, majira ya baridi, katika chumba cha semina kilichopashwa joto kupita kiasi. Mwalimu aliandika ubaoni *wesaną, akakigonga kwa chaki kile kinyota cha mbele: hakuna aliyewahi kulikuta neno hili limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha za Kijerumaniki (Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na nduguze) zilizolirithi. Maana yake ilikuwa kukaa, kubaki. Ndugu yake wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, vasati, ni "anakaa".

Akaniita nikinyambue kitenzi hicho katika wakati uliopita. Nikaandika *was kwa mmoja, *wēzun kwa wengi. Tanga, shule ya msingi, tulikaririshwa "I was, we were" kwa kuimba, na ukiuliza r imetoka wapi unaambiwa ndivyo Waingereza wasemavyo. Kumbe zamani za kale mtendaji akiwa mmoja mkazo ulikaa kwenye mzizi, wakiwa wengi ukahamia mwishoni. S ya katikati, irabu iliyoitangulia ikikosa mkazo, iligeuka z. Baadaye, katika lugha za Kijerumaniki za kaskazini na magharibi, z hiyo ikawa r. Lakini kabla ya hapo mkazo ulikuwa umekwisha kuhamia mwanzo wa neno ukatulia huko, kama mwizi aliyerudi kitandani kabla ya alfajiri. Aliyemnasa ni mwanaisimu Karl Verner wa Denmark, mwaka 1875. Husimuliwa kwamba alijilaza mchana, akafungua kitabu cha sarufi linganishi cha Franz Bopp ili kimletee usingizi. Heri ulivyogoma!

"Na kwenu?" mwalimu akauliza. Nikaandika lala, laza, ogopa, ogofya. Irabu ya kale iliyoigeuza l kuwa z leo haisikiki tena katika laza, lakini kazi yake ipo. Akanifutia nusu ya ubao niendelee.

Mwanafunzi Mholanzi akajigamba kwamba wao bado wana was na waren. Jirani yake Mjerumani, ambaye kwao was ya mababu imekwisha kumezwa na war, akadakia: basi mbona gewesen, umbo la kitenzi hicho la wakati timilifu, imebaki na s? Umbo hilo nalo mkazo wake ulikuwa mwishoni, lilistahili r. Mwalimu akajibu kwamba limevutwa na maumbo ya wakati uliopo. Mjerumani akasema hilo ni jibu la kukwepa, maana kwa hoja hiyo hata war ingevutwa. Walishuka ngazi wakibishana, na mimi, nikiri, nilikuwa upande wa Mjerumani.