Siku yangu na galaksi: ubao, chai na mshipi wa mjomba

Saa kumi na moja alfajiri. Swala, mahamri kwa mbaazi za nazi, kisha tuktuk hadi shuleni.

Saa mbili, kidato cha nne. Naandika ubaoni kasi za sayari: Utaridi kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni 5. Ukiwa mbali na Jua unakwenda polepole, hapo hakuna ubishi. Na nyota za ukingoni mwa galaksi, ule mkusanyiko mkubwa wa nyota, je? "Polepole zaidi!" darasa zima. Hata wanaastronomia walidhani hivyo. Mwaka 1970 wawili wao, Vera Rubin na Kent Ford, wakachapisha vipimo vyao vya galaksi ya Andromeda: huko nje kasi haikushuka ilivyotarajiwa. Kama kinachozishika nyota hizo ni uzito wa tunavyoviona tu, zingechopoka kama jiwe la kombeo. Basi kuna uzito mwingine, usiotoa mwanga wala kuuzuia: maada ya giza. Makadirio ya leo ni kama mara tano ya maada ya kawaida.

Binti mmoja wa nyuma: "Mwalimu, labda walikosea kupima." Nilimpenda hapo hapo. Lakini darubini za redio zilifuata gesi ya haidrojeni mbali kuliko nyota zinapoishia, galaksi baada ya galaksi, na kasi ikabaki juu.

Saa nne, chai. Mwenzangu: "Mambo ya Wazungu hayo, yatuhusu nini?" Nikamkumbusha Ngomeni, hapo juu tu kwenye pwani yetu ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, mwaka ule ule, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pale kutazama eksirei za angani. Ikaona makundi ya galaksi yaking'aa kwa gesi ya moto mno, ambayo bila mvutano mkubwa kuliko wa vinavyoonekana ingetawanyika. Akamwaga chai iliyobaki, akaondoka.

Mchana ni kusahihisha. Tupite.

Saa tatu usiku stima imekatika, mbingu zimejaa. Kusi imechafua bahari, mjomba yuko barazani anashona nyavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Nikamwonyesha ule ukanda mweupe karibu na mkia wa Nge, lile kundi la nyota: kitovu cha galaksi yetu kiko upande ule, nasi tunakizunguka kilomita 220 hivi kwa sekunde. Nikamweleza na uzito usioonekana.

"Kama mshipi," akasema. "Samaki humwoni, mkono unajua."

"Ndiyo!"

"Na ukinasa mwamba? Nao ni mzito."

Nikacheka. Wapo wanafizikia wanaosema hakuna samaki wala mwamba, ni kanuni ya mvutano ndiyo ya kurekebishwa. Nilipomwambia hivyo, mjomba alikata uzi kwa meno.

"Hao," akasema, "wanalaumu mshipi."