Mkutano wa mafundi wa mifumo ya maktaba Mombasa: anzeni na soketi

Ukialika watu 40 kutoka Lamu, Kilifi, Kwale na Taita, ukumbi mzuri si jambo la kwanza. Hesabu soketi. Kila mtu ana kompyuta na simu, kwa hiyo ekstenshen moja ya matundu manne inatosha watu wawili. Msiunganishe ekstenshen juu ya ekstenshen. Plagi huchemka na fyuzi hukatika somo likiwa limenoga.

Intaneti ya ukumbi msiitegemee kabisa. Watu 40 wakipakua Koha, programu ya kuendesha maktaba, kwa pamoja, asubuhi yote imekwenda. Wiki moja kabla, isakinisheni kwenye kompyuta moja yenye mfumo endeshi wa Debian, na wengine waifikie kupitia ruta hata pasipo intaneti. Hapa ndipo wengi hukwama: upande wa Koha wa wafanyakazi hutumia poti 8080, na Apache, programu inayotoa kurasa za Koha, haiisikilizi mpaka uandike "Listen 8080" kwenye faili la ports.conf, kisha uiwashe upya. Tazameni pia idadi ya anwani ambazo ruta huvipa vifaa. Ikiwa imewekewa kugawa 50, simu zitachukua karibu zote kabla kompyuta hazijafunguliwa, wekeni 150.

Rekodi za mazoezi za MARC21, muundo wa kuandika taarifa za vitabu, ziwe kwenye flashi tatu, si moja.

Ijumaa simamisheni kazi saa sita na nusu hadi saa nane, watu waswali na kula. Wanaotoka Nairobi kwa SGR hushukia Miritini, si mjini, basi wapangieni matatu mapema. Wa Kwale wanaopitia Likoni waambiwe watoke na saa moja ya ziada, foleni ya feri haitabiriki.