Picha ya jirani na Camp Saio

Jumapili usiku. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Leo mzee jirani aliniita kunywa kahawa. Tukiwa katikati ya maongezi akaleta kopo la biskuti lililojaa picha, akanichagulia moja: kijana aliyevaa sare ya Kijerumani, mkononi ana nembo ya simba mweusi wa Flanders, eneo la Ubelgiji linalozungumza Kiholanzi. "Baba," akasema, akanyamaza. Miaka yangu kumi na moja hapa Flanders imenifundisha kuutambua ukimya huo. Baba yake alikuwa Oostfronter, mmoja wa Waflemi, watu wa Flanders, waliojitolea kwenda kupigana na Warusi upande wa Hitler.

Sikuuliza kitu. Akaendelea mwenyewe: kwamba jeshi la Ubelgiji liliwaamrisha Waflemi kwa Kifaransa, kwamba padri Verschaeve aliwahimiza vijana waende kuzima Ubolsheviki, yaani ukomunisti wa Kirusi. Huo uchungu wa lugha naujua. Shuleni kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, tulichapwa kwa kusema Kiswahili. Ila mimi uchungu wangu haukunipeleka kumwapia Hitler utii, nao waliapa. Tena wakajikuta chini ya maofisa wa Kijerumani waliowatukana kiasi kwamba Staf De Clercq, kiongozi wa VNV, chama cha wazalendo wa Flanders kilichowahamasisha waende, alilazimika kumlalamikia Himmler, mkuu wa SS. Reimond Tollenaere, mkuu wa propaganda wa chama hicho hicho, aliuawa Januari 1942 karibu na mto Volkhov, Urusi. Yeye angalau alikwenda mwenyewe. Verschaeve alihubiri tu, vita vilipokwisha akajificha Austria, akafia huko 1949. Huyo ndiye simsamehei, nikisema kweli.

Kilichoninyima usingizi ni tarehe. Kikosi chao kiliundwa Julai 1941. Mwezi huo huo, huko Saio nchini Ethiopia, jenerali wa Kiitalia Gazzera, aliyekuwa upande wa Hitler, alisalimu amri mbele ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Ubelgiji. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na waliokuwa wakiipigania ni Wakongo waliotembea mwendo wa kuua kupitia Sudan. Wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Sisi watoto wa Bukavu jina Saio tunalijua kwa sababu ya kambi ya jeshi, Camp Saio. Tulipita hapo kila siku bila kujua jina hilo lilitoka wapi.

Nilimsimulia mzee. Hakuwahi kulisikia. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akanipa kalamu nimwandikie jina hilo, kisha akaitia bahasha ndani ya kopo, juu ya picha ya baba yake.